Tabia za Watu na Hatima ya Mipango: Mafunzo ya Mpango wa Karanga, 1946–1951

Utangulizi

Katika madarasa ya elimu ya siasa swali moja hurudi kila mwaka: kwa nini mpango mzuri hushindwa? Wanaouliza ni makatibu wa matawi, mameneja, maofisa mipango na wanafunzi ambao kesho watashika kazi hizo hizo. Majibu yanayotolewa haraka huwa ni matatu. Fedha hazikutosha, wataalamu walikuwa wachache, vifaa vilichelewa. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Ipo mipango katika historia iliyopewa fedha nyingi, ikapewa wataalamu na mitambo, ikabebwa na serikali nzima ya nchi kubwa, na bado ikaanguka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkakati wa taasisi yoyote, iwe ni shirika, kiwanda, wizara au Chama chenyewe, hauamuliwi na karatasi ulimoandikwa. Huamuliwa na mwenendo wa watu wanaoutunga na kuutekeleza: nani anamsikiliza nani, nani anamwogopa nani, na nani anapata sifa kwa jambo gani. Tutaonyesha pia kwamba mwenendo huo si suala la tabia njema au mbaya ya mtu mmoja mmoja. Huzaliwa na mahusiano yaliyomo ndani ya taasisi, na kwa hiyo hauponyeshwi kwa mahubiri.

Tumechagua mfano uliotokea katika ardhi yetu wenyewe, yaani Mpango wa Karanga ulioendeshwa na serikali ya Uingereza huko Kongwa, Urambo na Nachingwea kati ya mwaka 1946 na 1951. Wengi wetu tunaufahamu kama kichekesho cha wakoloni. Tukiishia kucheka, tutakuwa tumepoteza somo ambalo tulikwisha kulilipia, maana ardhi iliyofyekwa ilikuwa yetu na jasho lililomwagika lilikuwa letu.

Shabaha ya mpango

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, Uingereza ilikuwa mshindi mwenye njaa. Mafuta ya kula yaligawiwa kwa kadi. Dola za kununulia chakula kutoka Marekani zilikuwa haba. Serikali ya chama cha Labour iliyoingia madarakani mwaka huo ilitafuta chakula katika makoloni, ambako ingeweza kulipa kwa fedha zake yenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, alitembelea Tanganyika na kupeleka London wazo la kulima karanga kwa mitambo katika mapori. Kampuni hiyo ilikuwa tanzu ya Unilever, mnunuzi mkubwa wa mafuta ya kutengenezea siagi bandia na sabuni. Ni vema msomaji azingatie jambo hili tangu mwanzo. Wazo lilitoka kwa mnunuzi wa mafuta, lakini fedha zilizohatarishwa zilikuwa za mlipa kodi wa Uingereza, na ardhi ilikuwa ya mkulima wa Tanganyika. Mwenye wazo hakuwa na lake la kupoteza.

Mpango uliotungwa ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Ekari 3,210,000 zingesafishwa katika muda wa miaka sita, zikagawanywa katika mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na yaliyobaki Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Katika mwaka wa kwanza pekee zilitakiwa ekari 150,000.

Nani aliulizwa?

Katikati ya mwaka 1946 serikali ilituma ujumbe wa watu watatu. Kiongozi wake, John Wakefield, aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kwa hiyo hakuwa mgeni wala mjinga. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa wiki tisa hivi, kisha ukaandika taarifa iliyokubali wazo kwa moyo mkunjufu. Halikufanyika jaribio. Hakuna aliyesema tulime kwanza ekari elfu chache kwa misimu miwili au mitatu ili tuone udongo unasemaje.

Kongwa ilichaguliwa iwe mahali pa kuanzia. Ilikuwa karibu na Reli ya Kati, haikuwa na watu wengi, na hewa yake iliwafaa Wazungu. Hizi zote ni sababu za ofisini. Sababu za shambani zilikuwa tofauti. Ugogo ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua. Mwaka ukiwa mzuri hupatikana milimita 500 au 600. Mwaka ukiwa mbaya mvua hukatika katikati ya msimu na mazao hukauka yakiwa yamesimama. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na chembechembe za mawe magumu. Ukilowa huteleza, ukikauka huwa kama sakafu ya saruji.

Wagogo waliyajua haya. Walikuwa wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame, na karanga walizilima kidogo kidogo tu. Wazee waliokuwa hai mwaka 1946 walikuwa wameiona njaa kubwa waliyoiita Mtunya, iliyowaua watu wengi sana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kule kuwa na watu wachache, ambako wapangaji walikuona kama neema ya ardhi iliyo tupu, kulikuwa ni taarifa yenyewe. Ardhi inayoweza kulisha watu wengi haikai tupu. Mtu yeyote aliyewaheshimu wenyeji angeuliza kwa nini hapa hapana watu, na jibu lingeokoa mamilioni ya pauni.

Je, wapangaji walikosa ujuzi? Hapana. Ujuzi ulikuwepo Kongwa, umbali wa hatua chache kutoka hema zao. Walichokosa ni tabia ya kumwona mkulima Mwafrika kuwa ni mtu mwenye ujuzi. Mfumo wa kikoloni ulikuwa umewafundisha kwamba mwenyeji ni wa kuamrishwa, na asiye na cheo hana habari. Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza jinsi mwenendo wa watu unavyogeuka kuwa mkakati. Dharau haikuandikwa popote katika taarifa ya ujumbe, lakini ilichagua mahali, ilichagua zao, na ilichagua kasi.

Vita dhidi ya kichaka

Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mapema mwaka 1947. Maelfu ya Waingereza waliokuwa wametoka jeshini walikuwa wameomba kazi, na magazeti ya kwao yakawaita jeshi la karanga. Jina hilo halikuwa mzaha. Wakubwa wengi walitoka jeshini, na wakaleta namna ya kijeshi ya kufikiri. Kichaka kilikuwa adui, ekari zilikuwa maeneo ya kutekwa, na tarehe ilikuwa amri. Mwaka 1948 uongozi wa kazi Kongwa ulikuwa chini ya Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Mwenyekiti wa shirika la serikali lililoukabidhiwa mpango mwaka huo kutoka United Africa Company, yaani Overseas Food Corporation, alikuwa Leslie Plummer, mtu aliyepata uzoefu wake katika biashara ya magazeti.

Matrekta na mashine za kung'olea miti zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika, nyingine kutoka maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya mashine mbili ili iburute miti. Bandari ya Dar es Salaam haikuweza kupokea shehena hiyo yote, na reli yenye njia moja haikuweza kuibeba. Mashine zilifika kabla ya karakana, na karakana zilifika kabla ya vipuri. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa shida. Baada ya miezi michache sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imelala. Mizizi ilivunja plau, na udongo ulikula vyuma kama msasa.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, katika ekari 150,000 zilizokusudiwa, zilizopandwa karanga hazikufika 10,000.

Tuitazame hesabu hiyo kwa makini, maana ndani yake limo somo la pili. Kipimo cha mafanikio kilikuwa ekari zilizosafishwa. Bungeni London, waziri aliulizwa ni ekari ngapi. Shirika liliuliza Kongwa ni ekari ngapi. Meneja alimwuliza msimamizi, msimamizi akamwuliza dereva. Swali la karanga ngapi zitaota, na kwa gharama gani, lilikuwa halina mwenyewe. Mtu hufanya kile anachopimwa nacho. Ukimpima kwa ekari atakupa ekari, hata kama ekari hizo hazitazaa. Wafyekaji wa Kongwa hawakuwa wavivu wala wahaini. Walifanya kazi kwa juhudi kubwa kuelekea mahali pasipofaa, kwa sababu huko ndiko sifa zilikokuwa zinagawiwa.

Habari mbaya haipandi ngazi

Jambo la kushangaza katika historia hii ni kwamba ukweli ulijulikana mapema. Mafundi waliona mashine zinavyokufa. Mabwana shamba waliona mvua na udongo. Wahasibu waliona fedha zinavyoyeyuka. Kwa nini basi mpango uliendelea hadi mwanzo wa mwaka 1951?

Tunaweza kuifuata habari mbaya inavyosafiri. Fundi anamwambia msimamizi kwamba mashine kumi zimekufa. Msimamizi, ambaye amekwisha kuahidi, anaandika kwamba yapo matatizo ya muda. Meneja anajumlisha taarifa za wasimamizi na kuandika kwamba kazi inaendelea ingawa ipo changamoto ya vipuri. Shirika London linamwambia waziri kwamba matarajio ni mazuri. Waziri, akishambuliwa na upinzani, anasimama bungeni na kuutetea mpango. Akisha kuutetea hadharani, hawezi tena kuubadilisha bila kujiaibisha. Na wote walio chini yake wanaelewa kwamba tangu siku hiyo kusema ukweli ni sawa na kumwumbua mkubwa. Kila mmoja katika ngazi hiyo amesema uongo mdogo sana. Jumla yake ni uongo mkubwa ambao hakuna hata mmoja aliyeutunga.

Mwaka 1949 hali haikuweza kufichwa tena. Wakaguzi wa hesabu walieleza kwamba vitabu vya shirika havikuwa vimetunzwa ipasavyo. Shabaha ilipunguzwa ikawa ekari 600,000 ifikapo mwaka 1954. Mwezi Novemba mwaka huo wajumbe wawili wa bodi waliondolewa, mmoja wao akiwa Wakefield yule yule aliyeandika taarifa ya mwanzo. Mwenyekiti alibaki hadi mwaka uliofuata, na waziri aliendelea kuutetea mpango. Taasisi iliyobanwa ilitafuta watu wa kubebeshwa lawama kabla ya kutafuta sababu, na aliyebaki kazini akajifunza kunyamaza zaidi.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango. Pauni zipatazo milioni 36 zilifutwa katika vitabu.

Wafanyakazi katika hesabu za mpango

Katika makaratasi ya mpango, mfanyakazi Mwafrika alikuwa tarakimu. Iliandikwa idadi ya vibarua watakaohitajika, wala haikuandikwa watakula nini, watalala wapi, na bei ya chakula itakuwaje pale watu kwa maelfu watakaposhushwa katika nchi kame isiyo na ziada. Bei zilipanda, mishahara haikuzifuata.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ulifuata reli kuingia bara, ukawagusa wafanyakazi wa reli na kufika hadi Kongwa. Wapangaji walishtuka, kana kwamba udongo umesema. Kumbe ndiyo mara ya kwanza wafanyakazi walipotoa maoni yao juu ya mpango, kwa kuwa hawakuwa wamepewa njia nyingine ya kuyatoa. Mgomo ni taarifa kutoka chini iliyokosa mlango wa kupitia.

Mashine zilipovunjika, lawama nyingi ziliwaangukia madereva Waafrika, kwamba hawana ustadi. Walikuwa wamefundishwa kwa muda mfupi mno, wakakabidhiwa mashine zilizochakaa zisizo na vipuri, kwenye ardhi isiyolimika kwa mashine hizo. Hii ni kanuni ambayo kila kada anapaswa kuikariri: katika taasisi isiyojikosoa, lawama hushuka na sifa hupanda.

Itikadi peke yake haikutosha

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wana-Chama hatuna budi kulitazama bila kupepesa macho. Waziri wa Chakula aliyeubeba mpango huu, John Strachey, hakuwa bepari wa kawaida. Katika miaka ya 1930 alikuwa mmoja wa waandishi mashuhuri wa nadharia ya Kimarx nchini Uingereza. Serikali yake ilitaifisha migodi ya makaa ya mawe na reli. Shirika lenyewe lilikuwa mali ya umma, na halikuundwa ili kumpa faida mwenye hisa. Waliotoka London kwenda Kongwa wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wanakwenda kuondoa njaa.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mpango ulianguka kwa sababu tu wenye mali walitawala. Msingi wa kikoloni ulikuwepo, na ndio uliozaa ile dharau tuliyoieleza. Lakini ndani ya msingi huo kulikuwa na watu wenye maneno ya kijamaa na nia njema, na maneno yao hayakubadili namna walivyoongoza. Umiliki wa umma haukufanya umma usikilizwe. Somo hili ni chungu, nasi tunalihitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Tabia hutoka wapi?

Wataalamu wa nchi za kibepari walikwisha kulisogelea jambo hili kwa njia yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Frederick Taylor, nchini Marekani, alifundisha kwamba kazi ya kufikiri ni ya meneja na kazi ya kutenda ni ya mfanyakazi. Kati ya mwaka 1924 na 1932, katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti walilazimika kuona kwamba wafanyakazi si viungo vya mashine, na kwamba makundi yao yana kanuni zao wenyewe kuhusu kazi. Mwaka 1947, mwaka ule ule Kongwa ilipoanza kufyekwa, Mmarekani Herbert Simon alitoa kitabu juu ya mwenendo wa watu katika utawala. Hoja yake ni kwamba hakuna mkuu anayeweza kujua yote. Kila mmoja huamua kwa habari chache zilizomfikia, na hutosheka na jibu linaloonekana kufaa.

Tunakubali hoja hiyo, lakini tunaiongezea swali ambalo kwetu ndilo lenye uzito: nani anaamua ni habari zipi zimfikie mkuu? Habari hazisafiri zenyewe. Hubebwa na watu wenye mishahara, vyeo, watoto wa kusomesha na hofu ya kuhamishwa. Pale ambapo anayesema ndiyo hupandishwa na anayesema hapana hupelekwa mbali, watu wenye akili timamu watasema ndiyo. Ukiwaita waoga umekosea. Wanatii kanuni ya kweli ya taasisi hiyo, hata kama kanuni iliyobandikwa ukutani inasema kinyume.

Kutokana na hayo tunapata maana sahihi ya mkakati. Mkakati ulioandikwa ni nia. Mkakati halisi wa taasisi ni ule unaosalia baada ya nia hiyo kupita katika hofu, tamaa, majivuno na uaminifu wa watu wote walio kati ya ofisi ya mkuu na shamba. Kiongozi anayeshughulikia karatasi bila kushughulikia njia hiyo hajapanga kitu.

Sisi wenyewe

Lingekuwa jambo la aibu kumaliza makala haya kwa kumcheka mkoloni. Chama chetu kiliitambua hatari hii mapema. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, ukaeleza kwamba kazi ya Chama si kuwahimiza wananchi watekeleze mipango iliyokwisha kuamuliwa na viongozi na wataalamu wachache, bali kuhakikisha viongozi na wataalamu wanatekeleza yale waliyokubaliana wananchi wenyewe. Ukisoma maneno hayo ukiwa na Kongwa kichwani, utaona kwamba yameelekezwa kwenye ugonjwa ule ule.

Wafanyakazi waliyachukua maneno hayo kwa dhati. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migogoro mingi ilizuka viwandani, na mingi haikuhusu mishahara. Ilihusu matusi, dharau na ubadhirifu wa mameneja. Katika baadhi ya viwanda meneja alifungiwa nje. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliuchukua uendeshaji wa kiwanda mikononi mwao na kuungwa mkono. Lakini kwingineko jaribio kama hilo lilimalizwa na polisi. Mabaraza ya wafanyakazi yalibaki ya ushauri tu, na ushauri usiolazimika kujibiwa husahaulika.

Kisha tuitazame kazi ya kuanzisha vijiji. Lengo lake, yaani kuwaweka watu pamoja ili wapate shule, zahanati na maji, halikuwa lengo la mkoloni. Lilitokana na haja ya wananchi. Mwezi Novemba 1973 iliamuliwa kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mara tarehe ilipowekwa, kipimo kikawa idadi ya watu waliohamishwa. Maofisa wa mikoa na wilaya walianza kushindana kwa hesabu. Katika baadhi ya sehemu watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, na vijiji vikapangwa kando ya barabara ambako gari la mkubwa lingeviona, mbali na maji na mbali na mashamba. Wazee waliosema hapa hapafai waliitwa wapinga maendeleo. Mwaka 1977 ilielezwa kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi vijijini. Tarakimu hiyo ilikuwa kubwa, lakini kama zile ekari, haikusema kisima kiko wapi.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Kongwa wageni walipanga kwa ajili ya meza za kwao. Vijijini tulipanga kwa ajili yetu. Ndiyo maana kosa letu linatuuma zaidi. Na ipo tofauti nyingine ambayo ni ya heshima kwetu. Mwaka huo huo wa 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alieleza hadharani kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea, na akataja kasoro za utekelezaji. Mkuu aliyesema ukweli mchungu aliwafungulia mlango wadogo nao waseme. Wangapi waliupita mlango huo, na wangapi waliokuwa kati yao na mkuu waliufunga, ni swali ambalo kila kada ajibu kwa wilaya yake.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunatoa mafunzo manne kwa wale wanaoandaliwa kuongoza.

Kwanza, jaribio dogo litangulie amri kubwa. Ekari elfu tatu zilizoshindwa ni darasa. Ekari milioni tatu zilizoshindwa ni msiba. Kiongozi anayeona jaribio kuwa ni kuchelewa anaogopa jibu lake.

Pili, kipimo kiwe kile anachokula mwananchi. Hesabu ya mikutano, ya majengo na ya fedha zilizotumika ni ekari za Kongwa. Tuulize kisima kinatoa maji, shamba limezaa, mtoto amejua kusoma.

Tatu, anayeishi mahali aulizwe kabla ya anayepita. Kumwuliza si kumwita mkutanoni akapige makofi. Ni kuwa tayari kubadili mpango kwa sababu ya aliyoyasema.

Nne, na hili ndilo kubwa, habari mbaya ipewe njia salama. Nidhamu ya Chama inadai kwamba uamuzi ukisha kupitishwa wote wautekeleze. Lakini nidhamu hiyo hiyo inadai kwamba kabla ya uamuzi kila mmoja aseme, na kwamba wakati wa utekelezaji anayeleta taarifa ya kushindwa asihesabiwe kuwa adui. Haki hiyo isitegemee upole wa mkubwa. Iwekwe katika kanuni: taarifa ijibiwe kwa maandishi, baraza liwe na uwezo wa kudai majibu, na anayemwadhibu msema kweli naye awajibishwe.

Methali yetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengi tumelelewa nayo, na ina hekima yake. Lakini katika taasisi, mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya watu wengi kwa mara moja, na yake mwenyewe huvunjika mwisho.

Ardhi ya Kongwa haikupotea. Sehemu yake ikawa malisho ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya kabla ya trekta la kwanza kufika. Urambo ikaja kulima tumbaku. Reli ya Nachingwea iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini bandari ya Mtwara ikabaki. Tangu mwaka 1964 Kongwa iliwapokea wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika, na Nachingwea ikawa mahali pa mafunzo ya FRELIMO hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mahali ni pale pale, na udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni watu waliofika, shabaha waliyokuja nayo, na kwamba safari hii hawakuja kupigana na wenyeji wala na ardhi yao. Kada anayekwenda kuripoti katika kituo chake cha kazi aanze kwa kuwatafuta wale wanaojua mvua ya mahali hapo hunyesha lini, na akae nao kabla ya kufungua jalada la mpango.